Risasi za kuwindia pongo na tohe

Risasi za kuwindia pongo na tohe ni risasi za raifali (bunduki ambayo ndani ya mtutu wake mna mifereji inayozungusha risasi) zinazofaa kumwua haraka mnyama wa ukubwa wa kati wa jamii ya swala. Nchini Tanzania wanyama hao wanashika nafasi ya kulungu wanaowindwa Ulaya na Marekani. Afrika kusini kwa Sahara haina kulungu wa asili. Jina "kulungu" kwa Kiswahili cha zamani lilimtaja pongo, na wengi bado wanalitumia hivyo.

Mnyama na mazingira

Katika Nyanda za Juu za Kusini, kwa mfano wilaya ya Mufindi yenye mji wa Mafinga, pongo hukaa kwenye mabonde ya vichaka na kandokando ya misitu. Dume ana uzito wa kilogramu 40 hadi 80. Tohe hupenda nyasi ndefu karibu na maji. Nsya, mwenye kilogramu 12 hadi 25 tu, ni mdogo zaidi. Pongo huonekana kwa muda mfupi na kwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100. Kwa hiyo risasi zenye nguvu kubwa za kupigia mbali hazina kazi hapa: huharibu nyama na kupiga bega la mwindaji, naye akianza kuogopa bunduki yake, hakosi kukosea shabaha.

Kichwa cha risasi

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, kiwashio, baruti na kichwa. Kinachoua ni kichwa, na hapo ndipo makosa mengi hutokea. Kichwa cha kijeshi kilichofunikwa kwa metali pande zote hutoboa tundu jembamba na kupita. Mnyama hukimbia na kufa baada ya saa nyingi, pengine siku. Kichwa chenye ncha laini ya risasi (metali) hupanuka ndani ya mwili na kuharibu mapafu au moyo mara moja. Azimio la Den Haag la 1899 lilikataza vichwa vinavyopanuka vitani, lakini kwa mnyama ndivyo vyenye huruma. Vichwa vya shaba tupu navyo hupanuka, tena haviachi vipande vya risasi katika nyama wala katika matumbo yanayoliwa na tai.

Kaliba

Kaliba ni kipenyo cha risasi. Ile ya .243 Winchester, yenye kichwa cha gramu 6.5 na mwendo wa mita 900 hivi kwa sekunde, hutoa nishati ya jouli 2,600 hivi mdomoni mwa mtutu. Inamtosha pongo ikipigwa nyuma ya bega, lakini haisamehi kosa. 7x57 Mauser ya miaka ya 1890 bado ni chaguo zuri sana kwa vichaka, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na kipigo chake ni cha wastani. .308 Winchester na .30-06 Springfield zinafaa pia kwa tandala. Kaliba ya .375 ni ya nyati na wanyama wengine hatari. Kwa nsya ni kupita kiasi.

Gobore lililojazwa vipande vya chuma halifai hata kwa karibu. Vipande hutawanyika na kupoteza mwendo upesi, na wanyama wengi huondoka na majeraha.

Baada ya kupiga

Mwindaji husubiri dakika 15 hadi 30 kabla ya kufuata damu, isipokuwa mvua inakaribia au giza linaingia. Damu ya povu jekundu hafifu huonyesha pafu. Damu iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa huonyesha tumbo, na hapo husubiri zaidi. Pongo aliyejeruhiwa hugeuka na kushambulia kwa pembe mbwa na hata watu.

Sheria

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inadai leseni ya kuwinda, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inadai leseni ya bunduki yenyewe. Minde, nsya mkubwa wa Milima ya Udzungwa na Rungwe asiyepatikana nje ya Tanzania, yumo hatarini; anayelenga kivuli kichakani bila kumtambua mnyama anaweza kumwua huyo.