Mahali pa kulala Lubumbashi: mwongozo kwa ndugu wanaosafiri na fedha kidogo



Kila juma watu wa makanisa yetu ya mashariki wanapita hapa Kasumbalesa wakielekea Lubumbashi. Mmoja anampeleka mgonjwa Hospitali ya Sendwe, mwingine anamsindikiza kijana wake kuanza masomo Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwingine ameitwa kwenye mkutano wa kanisa. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa kwa sababu ya vita mnamo Januari 2025, wapo ambao zamani wangepanda ndege, na sasa wanazunguka kwa barabara kupitia Tanzania na Zambia. Wanafika mpakani wamechoka, baada ya siku nyingi za kulala kwenye viti vya basi. Swali lao huwa ni lile lile: "Pasta, tutalala wapi, mahali penye utulivu na bei tunayoiweza?"

Makala hii inajibu swali hilo. Utulivu na bei nafuu vinaweza kukaa pamoja, lakini havionekani kwenye kibao cha hoteli. Vinategemea mtaa, majirani, na maswali unayouliza kabla ya kutoa pesa.

Chumba cha kutosha ni kipi?

Katika 2 Wafalme 4:10, yule mama wa Shunemu alimwandalia nabii Elisha chumba kidogo juu ya nyumba. Aliweka humo vitu vinne tu: kitanda, meza, kiti na taa. Msafiri aliyechoka hahitaji zaidi ya hapo, tukiongeza maji, mlango unaofungwa vizuri na chandarua. Televisheni kubwa, zulia na bwawa la kuogelea ni vitu unavyovilipia hata kama huvitumii. Anayetafuta bei nafuu aanze kwa kujua anachohitaji kweli. Mgonjwa anahitaji choo cha karibu kuliko televisheni. Mwanafunzi anahitaji meza na taa. Mzee aliyetoka mkutanoni anahitaji usingizi.

Kasumbalesa: kulala hapa au kuendelea?

Kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 90 kwa barabara ya lami. Safari yenyewe si ndefu, ila mpaka huu ni mlango mkubwa wa shaba, kobalti na bidhaa, na foleni ya malori inaweza kuwa ya kilomita kadhaa. Mtu anayevuka asubuhi anafika Lubumbashi mchana na ana nafasi ya kuchagua chumba kwa utulivu. Anayevuka jioni anaingia mjini usiku, na usiku mgeni huchukua chumba chochote kwa bei yoyote. Kwa hiyo, ukivuka baada ya saa kumi alasiri, ni heri ulale Kasumbalesa na kuendelea alfajiri.

Lakini usilale kando ya barabara kuu. Vyumba vya pale vinawahudumia zaidi madereva wa malori. Injini zinawaka usiku, muziki wa baa haunyamazi, na watu wanaingia na kutoka hadi asubuhi. Ingia ndani ya mitaa, uliza nyumba za wageni zilizo kati ya nyumba za familia, au uliza kanisa la karibu. Badilisha pesa mchana, mahali panapojulikana, kabla ya kutafuta chumba. Weka tayari pasipoti yako na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana mtu anayeshikiliwa mpakani kwa ajili ya karatasi ndiye anayefika mjini gizani.

Kuujua mji kabla ya kuuingia

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na ikapewa jina lake la sasa mwaka 1966. Wabelgiji walitenga mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, na alama ya mpango huo inaonekana hadi leo. Mji una komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe.

Katikati ya mji, katika komini ya Lubumbashi, kuna ofisi, benki, maduka na kituo cha treni. Jioni ofisi zikifungwa, njia za nyuma zinatulia. Bei ya vyumba hapa iko juu kidogo, lakini unaweza kwenda kwa miguu sehemu nyingi.

Kamalondo ndiyo cité ya zamani kuliko zote, na inajulikana kwa muziki na nganda zake. Uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011, uko huko. Siku ya mechi usitegemee kulala mapema. Kenya na Katuba zina watu wengi na masoko yenye shughuli nyingi. Chumba huko kinaweza kuwa cha bei ndogo sana, lakini utulivu wake unategemea njia yenyewe: nyumba moja ni kimya, na nyumba ya tatu kutoka hapo ina baa.

Mtaa wa Golf una nyumba kubwa na kimya, ila bei ni ya juu na usafiri ni wa gharama. Hoteli maarufu kama Grand Karavia, kando ya ziwa, si za mfuko wa msafiri wa kawaida. Kwa wengi wetu mitaa ya kati, kama Bel-Air katika Kampemba, inafaa zaidi: ni mitaa ya familia, haiko mbali sana na katikati, na nyumba za wageni zimechanganyika na makazi ya watu.

Maswali saba kabla ya kulipa

Omba kuona chumba kwanza. Mwenye hoteli mwaminifu hatakukatalia. Kisha uliza haya:

1. Jirani ni nani? Tembea hatua mia moja kila upande. Tafuta baa, ukumbi wa sherehe, gereji, na pia kanisa lenye vipaza sauti. Tuseme ukweli: mkesha wetu wa Ijumaa ni baraka kwa anayeomba, lakini kwa mgonjwa wa chumba cha jirani ni kelele kama nyingine.

2. Je, hoteli ina ukumbi wa arusi? Siku ya Jumamosi, ukumbi ulio chini ya chumba chako utakunyima usingizi hadi usiku wa manane. Kama huwezi kubadilisha siku, omba chumba cha upande wa nyuma.

3. Umeme ukikatika, nini kinafanyika? Umeme wa SNEL hukatika mara kwa mara. Uliza kama kuna jenereta, iko wapi, na inazimwa saa ngapi. Jenereta iliyo chini ya dirisha lako ni mbaya kuliko giza. Nyumba yenye taa za sola na isiyo na jenereta huwa ndiyo yenye utulivu zaidi.

4. Maji yanatoka? Fungua bomba wewe mwenyewe. Kama hayatoki, uliza kama kuna tangi, au kama watakuletea ndoo, na kama ndoo hiyo inalipiwa.

5. Mlango unafungwa kwa ndani? Jaribu ufunguo na komeo. Angalia dirisha pia.

6. Je, hapa wanakodisha vyumba kwa saa? Uliza bila aibu. Nyumba inayokodisha kwa saa ina watu wanaoingia na kutoka usiku kucha, na si mahali pa mama mwenye watoto wala pa mtumishi wa Mungu. Kama bei ya saa imeandikwa ukutani, umeshapata jibu.

7. Bei hiyo inajumuisha nini? Chai ya asubuhi, kodi, maji ya moto, kufuliwa nguo: kila kimoja kitajwe. Uliza pia bei kwa juma zima. Anayekaa siku saba ana haki ya kuomba apunguziwe, na mara nyingi anapunguziwa.

Ukikubali, lipa usiku mmoja tu kwanza. Lala, usikie usiku wa pale, kisha ulipie siku zilizobaki. Daima dai risiti yenye tarehe na idadi ya siku. Hoteli itakuomba kitambulisho ili kujaza fomu ya wageni. Onyesha kadi yako ya mpiga kura au pasipoti, lakini usiiache mapokezi.

Kuhusu pesa: dola na faranga zote zinatumika. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo, au iliyochakaa, itakataliwa, kwa hiyo chunguza noti zako kabla ya kuondoka nyumbani. Beba noti ndogo, maana chenji ya dola ni shida. Pesa za simu kama M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinakusaidia usitembee na fedha nyingi mfukoni.

Na kwa ndugu wa Uvira na Kalemie waliozoea joto la ziwa: Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali. Omba blanketi la pili kabla mwenye zamu hajaenda kulala.

Hesabu ya kweli

Chumba cha bei ndogo si lazima kiwe nafuu. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Chumba cha kwanza ni dola 15, lakini kiko mbali na hospitali. Taksi ya kwenda na kurudi ni dola 6 kwa siku, na kwa kuwa hakuna jiko, chakula cha kununua ni dola 8. Jumla ni dola 29 kwa siku. Chumba cha pili ni dola 22, unakwenda kwa miguu, na unaruhusiwa kupika bukari yako uani kwa dola 4. Jumla ni dola 26. Kwa siku tano umeokoa dola 15, na umempumzisha mgonjwa. Andika hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kuchagua.

Nyumba za wageni za makanisa

Kabla ya hoteli, uliza nyumba za kanisa. Jumuiya kadhaa za Kiprotestanti zina vyumba vya wageni, na ofisi ya mkoa ya ECC ni mahali pazuri pa kuulizia. Ndugu zetu Wakatoliki pia, kwa njia ya prokure na nyumba za masista, hupokea wageni wa madhehebu yote. Nyumba hizi kwa kawaida ni safi na kimya, na hakuna pombe. Zina masharti pia: lango hufungwa mapema, wageni wa usiku hawaruhusiwi, na vyumba hujaa wakati wa mikutano. Piga simu juma moja kabla.

Beba barua ya mchungaji wako, yenye mhuri na namba ya simu inayopatikana. Paulo alifanya hivyo kwa ajili ya dada Foibe katika Warumi 16:1-2, ili wapokee mtu wanayeweza kumwamini. Barua hiyo inamlinda mgeni, na inamlinda mwenyeji pia, kwa maana wapo wanaojiita ndugu ili kupata mahali pa bure.

Dada au mama anayesafiri peke yake afanye zaidi: afike mchana, asichukue chumba cha chini kinachotazama barabara, asitaje namba ya chumba chake mbele ya watu, na ampe mtu mmoja wa kanisa jina la nyumba na mtaa. Mtu huyo ampigie simu asubuhi na jioni.

Neno kwa makanisa yanayopokea

Yaliyosemwa hadi hapa ni ya msafiri. Yako pia ya kwetu tunaokaa kwenye njia. Katika Luka 10:35, Msamaria hakuishia kumfunga majeraha yule aliyepigwa. Alimlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani mshahara wa kibarua wa siku mbili, na akaahidi kulipa kitakachozidi. Kulipia chumba cha mtu aliye taabuni ni huduma kamili, inayostahili nafasi katika bajeti ya ushemasi.

Tukumbuke pia jinsi Injili ilivyofika Katanga. Frederick Stanley Arnot alipoingia Bunkeya mwaka 1886, alikuwa mgeni katika mji wa Mfalme Msiri. Habari Njema ilianza hapa kwa mtu aliyehitaji mahali pa kulala.

Kwa hiyo ninaomba kila kanisa la Kasumbalesa na la Lubumbashi lifanye mambo matatu mwaka huu. La kwanza, kuchagua mzee mmoja na mama mmoja wa kupokea simu za wageni. La pili, kuwa na daftari la nyumba kumi za wageni zilizotembelewa kwa macho, na bei zake, na daftari hilo lipitiwe kila miezi mitatu. La tatu, kupunguza sauti ya vyombo baada ya saa nne usiku, hasa makanisa yaliyo karibu na hospitali na nyumba za wageni.

Na ninyi ndugu wa mashariki, mkishapata mahali pazuri, mrudishe taarifa: jina la nyumba, mtaa, bei mliyolipa, na jinsi usiku ulivyokuwa. Taarifa yenu itaingia kwenye daftari, na atakayefuata na mgonjwa wake hatatafuta gizani.

Bwana awatangulie njiani.