"Mbube": Wimbo Uliouzwa Ukarudi kwa Warithi

Kama haki ya binadamu, hakimiliki inasimama juu ya ibara mbili za Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948. Ibara ya 17 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inakataza asinyang'anywe kiholela. Ya 27 inalinda maslahi ya mtunzi, ya heshima na ya kifedha, yatokanayo na kazi yake. Katiba ya Kenya ya 2010 imezikutanisha: ibara ya 40, inayolinda mali, ndiyo inayoiagiza serikali kulinda haki za ubunifu. Hata hivyo, mali ya aina hii mara nyingi humtoka mwenyewe kwa saini yake, na mwizi haonekani.

Ndivyo ilivyomtokea Solomon Linda, Mzulu aliyehamia Johannesburg kutafuta kazi. Alikuwa akipakia santuri katika kampuni ya Gallo, na jioni akiimba na kundi lake, Evening Birds. Mwaka 1939 kundi hilo liliingia studio ya Gallo kurekodi "Mbube", yaani simba. Waimbaji walishikilia sauti nzito za chini, Linda akapaa juu yao kwa sauti nyembamba. Mwishoni mwa rekodi akazusha papo hapo vipande vichache vya lahani ambavyo baadaye vilizunguka dunia nzima. Haki za wimbo alimwachia mwajiri kwa malipo yanayotajwa kuwa shilingi 10.

Santuri ilivuka bahari. Huko Marekani kundi la The Weavers liliutoa wimbo kwa jina la "Wimoweh", na mtunzi akaandikwa "Paul Campbell", mtu ambaye hakuwapo. Mwaka 1961 kundi la The Tokens liliimba "The Lion Sleeps Tonight", maneno ya Kiingereza yakiwa juu ya lahani ile ile ya Linda, na jina lake halikutajwa miongoni mwa watunzi. Mwaka uliofuata Linda alifariki akiwa maskini. Mwaka 1994 wimbo ukasikika katika filamu ya Disney, The Lion King.

Kilichowaokoa binti za Linda ni sheria ya mkoloni. Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyotumika Afrika Kusini na pia Kenya na Tanganyika, ilikuwa na kifungu cha busara kubwa. Mtunzi aliyeuza haki zake akiwa hai hakuweza kuzifunga milele: miaka 25 baada ya kifo chake zilirejea kwenye mirathi, hata mkataba useme nini. Kwa Linda, miaka hiyo ilitimia 1987.

Wakili Owen Dean alikifufua kifungu hicho. Mwaka 2004 msimamizi wa mirathi alifungua kesi Pretoria, na ili Disney ifikiwe na mahakama ya Afrika Kusini, alama zake za biashara zilizosajiliwa nchini humo zikazuiliwa. Februari 2006 pande husika zilipatana. Warithi walilipwa kwa matumizi yaliyopita, wakaahidiwa mrabaha kwa yajayo, fedha zikawekwa chini ya udhamini, na Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza wa "The Lion Sleeps Tonight". Kwa kuwa mambo yaliishia kwenye suluhu, hakuna hukumu iliyotolewa katika kesi hiyo juu ya kifungu cha 1911.