Hazina ya Usawazishaji: Ilitoka Wapi, na Mipaka Yake ni Ipi

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa vijijini, katika mikutano ya vikundi kuna swali linalorudi kila mara: "Afisa, tunasikia maeneo yaliyoachwa nyuma yametengewa pesa zao. Mbona sisi hatupewi mbegu?" Swali ni zuri. Kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo.

Tulivyoachwa nyuma

Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901. Mashamba ya walowezi yakafuata njia hiyo, na barabara, maghala na masoko yakafuata mashamba. Kaskazini mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kufunga wilaya za mbali, na baadaye mtu alihitaji kibali kuingia au kutoka. Mifugo nayo iliwekewa karantini, hivyo mfugaji akawa na ng'ombe lakini hana soko.

Baada ya uhuru ukaja Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, Tom Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Serikali ilikuwa na pesa kidogo, ikaamua ziwekwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Faida ya huko ndiyo ingesaidia kwingine baadaye.

Kwa hesabu ya shamba, wazo hilo si la kipuuzi. Mwenye mfuko mmoja wa mbolea huutia penye udongo utakaomlipa. Lakini kiraka cha shamba hakina watoto wa kwenda zahanati, na kijiji kinao. Penye barabara pakaongezwa barabara, na penye maji ya mfereji pakaongezwa mifereji. Ile "baadaye" ikachelewa. Kaskazini Mashariki, sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Nani angejenga ghala mahali kama hapo?

Katiba ya 2010

Katiba ilijaribu kurekebisha hilo kwa njia mbili. Kwanza, kaunti zote zinagawiwa fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Pili, Kifungu cha 204 kikaanzisha Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa tu. Hii ya pili ndiyo mnayoniuliza, na iliwekewa mipaka tangu mwanzo.

*Kiasi.* Ni asilimia 0.5 ya mapato. Katika kila shilingi 1,000, hazina hii inapata shilingi 5, ilhali fungu la kaunti ni shilingi 150 au zaidi. Tena hesabu hufanywa kwa mapato ya mwaka ambao hesabu zake zimekaguliwa na kupitishwa na Bunge, si kwa mapato ya mwaka huu. Bunge likichelewa kuzipitisha, mnahesabiwa kwa mapato ya zamani.

*Matumizi.* Ni kwa huduma za msingi, na Katiba inataja maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Lengo ni kuzifikisha huduma hizo katika kiwango cha sehemu nyingine za nchi, kadiri inavyowezekana. Ni huduma za umma, si pembejeo za mtu binafsi. Ndiyo maana mbegu hamzioni.

*Mahali.* Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Sera ya pili ya 2018 ikaacha kuhesabu kaunti nzima, ikashuka hadi kata ndogo: maeneo 1,424 katika kaunti 34. Hilo lilikuwa haki kwa kijiji maskini kilichomo ndani ya kaunti yenye nafuu. Lakini sufuria ni ile ile, sahani ndizo zimeongezeka.

*Muda.* Hazina ina maisha ya miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika Agosti 2010, yaani hadi 2030. Kuiongezea muda kunahitaji sheria inayoungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya wawakilishi wa kaunti katika Seneti.

Na muda huo haukutumika wote. Taratibu za kwanza za kuendesha hazina zilipingwa mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikazibatilisha. Kanuni mpya zilikuja 2021. Miaka 11 ilikuwa imekwisha kati ya ile 20.

Sasa tufanye nini?

1. Muulize chifu au ofisi ya wadi kama kata ndogo yenu imo kati ya yale maeneo 1,424. Msikisie.

2. Kama imo, ombeni kinachoruhusiwa. Kikundi kikiandika "tunaomba mbolea", barua itawekwa kando. Kikiandika kuhusu kivuko kinachokatika kila masika, kimegonga mlango wake. Na kivuko ni kilimo pia: lori lisipofika, mnunuzi hukata bei ya gunia lako.

3. Kwa mbegu na mbolea ya ruzuku, njia ni usajili wa wakulima na ofisi ya kilimo ya kaunti. Njooni ofisini tusaidiane.

4. Hudhurieni vikao vya umma vya bajeti, na muulize kwa jina: mradi gani wa Hazina ya Usawazishaji uko hapa, umefika wapi, na nani anausimamia?

5. Mtu akija kuomba kura, mwulizeni atafanya nini hazina ikifika ukomo wake. Msingoje 2030 ndipo mwulize.

Kosa la 1965 lilichukua miaka 45 kukubaliwa kwa maandishi katika Katiba. Dawa yake ni ndogo na ina tarehe ya mwisho. Ulizeni sasa, ingali ipo.