Kijiwe Kikishapata Wenye Hisa

Wenzangu mnaoandika, hebu tuitazame historia ya Twitter, maana inatuhusu. Ilianza San Francisco mwaka 2006, na kwa miaka ya mwanzo ulisema utakalo. Mwaka 2012 mkuu wake wa Uingereza bado alijigamba kwamba wao ndio chama cha uhuru wa kusema. Lakini Oktoba mwaka huohuo polisi wa Ujerumani waliomba, na akaunti ya kundi la Wanazi mamboleo ikafichwa nchini humo.

Kwa nini? Mimi naona kijiwe kidogo hakina cha kupoteza. Novemba 2013 Twitter ikauza hisa New York. Wenye hisa wanataka faida, na faida ilitoka kwa wenye matangazo. Nani atatangaza sabuni yake kando ya matusi? Tena ukifuata wateja nchi za watu, sheria za huko zinakushika shati.

Eti kosa ni roho ya mwenye mali? Elon Musk aliinunua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, akiahidi uhuru. Agosti 2024 jaji wa Brazili akaifunga, wakati huo ikiitwa X. Ikafunguliwa Oktoba, baada ya kampuni kulipa faini na kuzima akaunti ilizoamriwa.

Sisemi kila kilichofutwa kilistahili kubaki. Vitisho navyo hufukuza watu. Ila tusidanganyane: pale sisi ni wageni. Tuandike, lakini nakala ibaki daftarini, na nyingine kwenye jarida kama hili. Likishafika mkononi mwa msomaji, nani atalizima?