Kifurushi na Taswira: Njia Mbili za Kubeba Programu za Linux

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, programu nyingi za Linux zilisambazwa katika mafaili ya tar, yaani mafaili mengi yaliyokusanywa kuwa moja, kisha kubanwa kwa programu ya gzip, iliyotolewa mwaka 1992. Mtumiaji aliyafumua mwenyewe. Yakishatawanyika ndani ya diski, hapakuwa na kumbukumbu ya lipi lilikuja na programu ipi, hivyo kuiondoa programu moja kukawa kazi ya kubahatisha.

Kifurushi kilibuniwa kuondoa adha hiyo. Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, ulitengeneza dpkg, programu ya kusimamia vifurushi. Red Hat ikaleta RPM mwaka 1995. Faili la deb, yaani kifurushi cha Debian, lina sehemu tatu: namba ya muundo wake, mafaili ya programu, na maelezo yanayotaja jina, toleo na programu nyingine zinazotakiwa kuwepo kwanza. Kifurushi kinaposakinishwa, kila faili lake huingizwa kwenye sajili ya mfumo. Kwa sajili hiyo, programu huondolewa au kusasishwa bila kuvuruga nyingine.

Taswira iliyobanwa ilitokana na uhaba wa nafasi. Hiyo si programu moja yenye maagizo ya kusakinishwa, bali ni mfumo mzima wa mafaili, ukiwa umepangwa tayari kutumika. Mwaka 2000, Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix, mfumo unaowashwa moja kwa moja kutoka kwenye CD. CD ya megabaiti 700 ilibeba takriban gigabaiti 2, kwa kuwa data ilibanwa vipande vipande na kila kipande kilifumuliwa kilipohitajika tu. Mwaka 2002 Phillip Lougher alitoa SquashFS, muundo wa taswira iliyobanwa, ulioingizwa rasmi katika Linux 2.6.29 mwaka 2009. Taswira ya namna hiyo husomwa tu. Haiandikiki.

Njia hizo mbili zilikutana katika OpenWrt, mradi wa ruta ulioanza mwaka 2004. Mfumo wa msingi hukaa katika taswira ya SquashFS, na vifurushi vya nyongeza huwekwa katika tabaka la juu linaloandikika. Kifurushi cha nyongeza kikiondolewa, nafasi yake hurudi. Kilichokuja ndani ya taswira kikiondolewa, mafaili yake hufichwa tu, na nafasi haiongezeki mpaka taswira nyingine itengenezwe.