Moto Huzaa Jivu? Sawa, Tuongee Kuhusu Jivu

Nilipoacha campo mwaka wa pili, kozi ikiwa ya ujenzi, shangazi alinitazama mbele ya watu akasema, "Moto huzaa jivu." Moto ni babangu. Jivu, najua umeshaelewa, ni mimi.

Sasa juzi nilikuwa kwa mjengo wa mjomba, fundi akapiga mfuko wa simiti teke. "Siku hizi wanatuuzia jivu tu!" Nikainama nikasoma mfuko: CEM IV/B-P 32.5N. Hiyo P ni pozolana, yaani jivu na mawe ya volkano yaliyosagwa. Kwa hivyo fundi hakukosea. Alichokosea ni kudhani ni wizi wa juzi.

Wasee, hii kitu ni ya kitambo sana. Warumi walikuwa wanachimba vumbi la volkano huko Pozzuoli, karibu na Naples, wanachanganya na chokaa. Vitruvius, mjenzi wao, aliandika zaidi ya miaka 2000 iliyopita kwamba mchanganyiko huo unashika hata chini ya maji. Siri ni silika iliyo ndani ya jivu: ikikutana na chokaa na maji, inageuka gundi. Angalia Pantheon pale Roma. Kuba lake lina upana wa mita 43, ndani halina chuma hata kimoja, na limesimama karibu miaka 1900. Hapa kwetu kuna ghorofa ambazo hazimalizi hata miaka mitano.

Darasani lakini historia ilianza 1824, Joseph Aspdin wa Leeds alipopewa hataza ya simiti ya Portland. Kabla yake ni kama watu waliishi kwa mahema. Hakuna aliyetuambia kwamba miaka ya 1750 John Smeaton, mhandisi Mwingereza, aliagiza pozolana kutoka Italia ili ajenge mnara wa taa wa Eddystone katikati ya bahari.

Simiti ya Portland ilishinda kwa sababu inashika haraka. Bei yake tunailipa hewani: mawe ya chokaa yanachomwa hadi nyuzi 1450 hivi, na jiwe lenyewe linatoa kaboni dioksidi hata kabla uhesabu moshi wa kuni au makaa. Kwa jumla simiti inachangia karibu asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotoka kwa shughuli za binadamu.

Halafu jivu likarudi, tena likiwa taka. Kati ya 1948 na 1953 Wamarekani walijenga bwawa la Hungry Horse huko Montana, ukuta wa mita 172. Zege nyingi hivyo hupata joto ikishika, inapasuka. Wakapunguza simiti wakaweka jivu la makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme. Joto likashuka, gharama pia.

Sisi hatuna mitambo mingi ya makaa ya mawe. Tuna Mwea, ambako mitaro ilichimbwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950. Ukikoboa tani moja ya mpunga unabaki na kilo 200 hivi za maganda. Yakichomwa yanaacha kilo 40 za jivu, na sehemu kubwa ya jivu hilo ni silika. Ni silika ileile Warumi walikuwa wakichimba.

Lakini tafadhali usikimbilie jivu la jiko lako. Maganda yanataka moto wa kupimwa, nyuzi 600 hadi 700 hivi. Ukizidisha, silika inakuwa fuwele, inalala. Halafu lazima jivu lisagwe laini kabisa.

Na simiti ya jivu haina haraka. Nguvu yake inakuja polepole, na inataka maji. Hapo ndipo tulikosana na fundi, kwa sababu alitaka kutoa mbao chini ya slabu siku ya saba.

"Kijana, si wewe uliacha shule?"

"Niliacha, mzee. Lakini mfuko nimesoma."

Mjomba alitazama mfuko, akatazama slabu, akasema mbao zikae wiki tatu zaidi. Na kwa kuwa mimi ndiye mjuaji, nikapewa mpira wa maji. Asubuhi na jioni, kila siku, hadi Jumapili.