Kisiwa cha Rusinga na Mifupa Yake ya Kale

Wasikilizaji wetu wa Mwese, nanyi wanafunzi msomao kijitabu hiki, sokwe mwamjua. Yumo hata leo katika misitu ya milima hii iliyo mashariki ya Ziwa Tanganyika. Leo twataka kunena habari za jamaa yake wa kale, aliyeonekana katika kisiwa kidogo cha Rusinga, Ziwa Victoria, upande wa Kenya.

Yapata miaka 18,000,000 iliyopita Rusinga haikuwa kisiwa, maana ziwa lenyewe lilikuwa halijakuwako. Palikuwa na msitu ubavuni mwa mlima wa moto uitwao Kisingiri. Kila mlima ulipotapika, majivu yalifunika majani, matunda, konokono na wanyama. Majivu hayo yalikuwa na chokaa nyingi, nayo yaliganda upesi yakawa jiwe kabla mifupa haijaoza.

Mwezi wa Oktoba 1948 Bibi Mary Leakey aliona jino katika mteremko uliolika kwa mvua. Palipochimbwa, vikatoka vipande vya fuvu na uso, vikaunganishwa. Mifupa mingine ya mnyama huyo iliyopatikana kisiwani ilionyesha ya kuwa hakuwa na mkia, kama sokwe. Walakini alitembea juu ya matawi kwa miguu minne, kama tumbili. Ndipo wenye elimu walipojua ya kwamba mkia ulitoweka kwanza, na kuning'inia matawini kukaja baadaye.

Mwaka 1993 aina hiyo iliitwa heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mwafrika wa Kenya aliyechimba pamoja na akina Leakey miaka mingi. Mwaka 2015 ikapewa jina la ukoo, Ekembo, neno la Kisuba, lugha ya kisiwani.

Wala mambo hayo hayako mbali nasi. Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya taya la Rukwapithecus, lililopatikana Bonde la Rukwa, lenye umri wa miaka 25,000,000.

Basi mchungaji au mwanafunzi akiona jiwe lenye umbo la mfupa, asiling'oe. Mfupa ulio mahali pake hueleza ulilala katika tabaka gani, na pamoja na nini. Ukiisha kuchukuliwa ovyo, habari hiyo imepotea, wala hakuna awezaye kuirudisha. Na aweke alama, akamwambie mwalimu wake. Jino moja tu lililoonwa na mtu mwangalifu ndilo lililoifungua historia ya Rusinga.